Usionekane Umesimama

Daktari aliponiambia nina TB ya mgongo nilicheka, halafu nikamwomba msamaha. TB niliyoijua mimi ilikuwa ya watu wa kukohoa, na mimi hata mafua sikuwa nayo. Akainua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha pingili mbili za uti zilizoliwa, na hapo kicheko kikaniisha. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa maneno hayo wiki hii, ukarudi nyumbani hujui uanzie wapi. Mambo ya dawa utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza habari ya kungoja, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa na dawa, lakini kungoja nusura kuniache kitandani maisha yangu yote, na aliyeumia mwishoni hakuwa mimi peke yangu.

Naitwa Gacheri. Nashona sare za shule, kibanda changu kiko karibu na soko la Nkubu. Mgongo uliniuma miezi minane na yote hiyo nikailaumu cherehani. Nilibadilisha kiti, nikaongeza mto, nikapaka kila dawa ya kuchua iliyouzwa pale sokoni mpaka wateja wakawa wananijua kwa harufu. Januari miguu ikaanza kufa ganzi. Jumapili moja tukitoka kanisani nilianguka mbele ya akina mama wenzangu, sketi huko juu, na sikuweza kuinuka. Waliponiuliza nikasema nimeteleza. Ardhi ilikuwa kavu kabisa.

Vidonge nilianza Februari, na nikaambiwa ni vya miezi kumi na miwili. Mwezi wa kwanza mkojo uligeuka rangi ya machungwa, nikashtuka, nikaambiwa ni kawaida. Nilivishwa koti gumu la plastiki kutoka kwapani hadi kiunoni, la kulala nalo na kuamka nalo. Miguu nilikuwa naiona pale mbele yangu, lakini nikiituma haiendi. Nilikonda hata pete ya ndoa ikawa inaangukia kwenye beseni la kunawia, nikaivua nikampa mama mkwe aniwekee.

Mume wangu, Mutwiri, anafunga miraa huko Maua. Kazi ile haimngojei mtu, magari lazima yaondoke kabla hakujakucha, kwa hiyo nyumbani alikuwa anakuja Jumapili tu. Aliyenibeba siku zile nyingine zote ni mama yake. Mimi namwita Mama. Ana miaka sitini na minane, mwembamba, sauti ya kuongoza kwaya. Miaka kumi na tano ya ndoa sikuwahi kumruhusu anione hata na kamisi, na sasa ananivua nguo ananiosha. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Akaendelea kusugua mgongo wangu akasema, "Nyamaza. Nimeosha watoto saba, na wote walikuwa na matako." Nikacheka machozi yakiwa bado yanatoka.

Aprili, mvua zikinyesha, na mimi niko mwezi wa tatu wa vidonge, Mama alirudi kutoka kwenye baraza la chifu viatu vimejaa matope.

"Kuna pesa za serikali," akasema. "Za watu wenye ulemavu mkubwa. Jina lako nimelipeleka."

"Mimi si mlemavu, Mama. Mimi ni mgonjwa."

"Sawa, mgonjwa. Basi simama twende."

Ukweli ni kwamba tulizihitaji zile pesa, na tulizihitaji kwa kitu kimoja tu: gari. Msichana wa mazoezi pale hospitalini, Karimi, alitaka niende kwake mara mbili kwa wiki. Juu ya pikipiki sikuweza kukaa, ilikuwa lazima gari la kukodi lije hadi mlangoni, na Mutwiri alimudu kulilipa mara moja kwa mwezi. Pesa za serikali zingekuwa gari langu la kwenda kujifunza kutembea. Sikuwaza kitu kingine, hata nguo sikuwaza.

Fomu ikajazwa. Tukaenda kupimwa na madaktari watatu walioketi meza moja, mmoja ananiambia niinue mguu, mwingine ananiuliza kama naweza kujichana nywele. Kabla ya hapo tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Kando yangu alikuwa mama mmoja wa Timau, mfanyakazi wa shamba la maua, mkono wake umekauka. Ilikuwa mara yake ya tatu, kwa sababu kila akija daktari mmoja kati ya wale watatu hayupo. Aliniona natetemeka njaa akakata andazi lake akanipa nusu kubwa. Sikumuuliza jina na mpaka leo najilaumu.

Tulipata kadi ya ulemavu. Jina likaingia kwenye orodha. Halafu tukaambiwa kuna watu watakaokuja nyumbani kuhakiki, wajionee kwa macho yao, na bila hao hakuna kinacholipwa. Lini? Asistanti chifu alijibu, "Wakija watakuja." Nilimpigia simu mara nyingi kiasi kwamba akaacha kushika.

Sasa sikiliza kosa letu, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ng'ambo ya bonde, walisema watu, kulikuwa na mzee aliyepooza upande mmoja, na wale wa kuhakiki walimkuta shambani ameshika jembe. Wengine walisema alikuwa ameliegemea tu asianguke. Jina lilifutwa siku hiyo hiyo. Mimi mzee huyo sikuwahi kukutana naye, na nikimuuliza mtu ni wa nyumba gani ananielekeza kwa mtu mwingine. Lakini hadithi ilifika kwetu, na Mama akaigeuza sheria.

"Mpaka waje," akasema, "usionekane umesimama."

Mei kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Nilimwita Mama, tukakitazama wote wawili. Tulipoenda kliniki ya mwezi huo Karimi alifurahi kuliko sisi. Akanipa fremu ya chuma ya kutembelea, akasema nisimame kila siku, hatua mbili, kesho tatu, niongeze polepole. Kisha akauliza cherehani yangu ni ya aina gani. Nikamwambia ni ya pedali, tuliirudisha nyumbani kibanda kilipofungwa.

"Basi una bahati. Toa ule mkanda wake, kanyaga pedali tupu, asubuhi na jioni. Hiyo ni dawa kama vile vidonge."

Tulifika nyumbani, Mama akazamisha kichwa cha cherehani ndani ya meza yake, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaweka thamosi juu. Mtu akiingia anaona meza. "Wakikuta cherehani watasema unafanya kazi," akasema. Fremu ikasukumwa chini ya kitanda. Usidhani nilipinga. Nilisema ni sawa, nilijua ni wiki mbili tatu hivi, watakuja, tutalipwa, gari litapatikana, halafu nitafanya mazoezi mpaka nichoke. Hesabu ilionekana nzuri kabisa.

Juni ikaisha. Julai ikaja na baridi yake na ukungu, watu wakavuna maharagwe, na mimi bado niko kitandani nasikiliza barabara. Nyumba yetu iko karibu na njia, na nilijifunza sauti ya kila pikipiki: ya maziwa, ya mchungaji, ya fundi wa maji ambaye breki zake zinalia. Nikisikia ngeni najifunika hadi shingoni na kulegeza uso. Ndiyo, uso nilikuwa nimeufanyia mazoezi. Miguu sikuifanyia, uso niliufanyia. Pikipiki ikipita najifunua, nakaa, nalala tena, natazama simu kama kuna ujumbe, naiweka, naichukua. Mikono iliyozoea kazi iliniwasha. Nilikuwa nafumua pindo la gauni langu chini ya blanketi na kulishona upya kwa mkono, kisha nalifumua tena. Mutwiri alikuja Jumapili moja nikamgombeza kwa sababu alikunywa chai kwa sauti. Akaniangalia, akaweka kikombe chini, akatoka kwenda kukaa na ng'ombe. Binti yetu Makena alikuwa bwenini, na nilimshukuru Mungu kwamba hakuwa anaishi na mimi wakati huo.

Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na kwenda huko nilibebwa. Mama alinishika kwapani, mimi nikamkumbatia shingoni, tukaenda hivyo mara nne, mara tano kwa siku, mbele ya yeyote aliyepita njiani. Alisema ni vizuri watu waone, mzee wa kijiji ataulizwa na atasema alichoona. Kufikia Julai mguu wa kulia ulikuwa unaweza kukanyaga. Niliuinua usiguse chini. Nilimwachia Mama uzito wangu wote, yule mwanamke wa miaka sitini na minane, na nilikuwa najua ninachofanya. Sehemu hii naiandika kwa shida.

Agosti, mwezi wa saba wa vidonge, Karimi alinilaza akajaribu kuninyoosha magoti. Hayakunyooka. La kushoto lilikwama katikati na maumivu yakapanda hadi kwenye meno.

"Ulikuwa unafanya mazoezi?"

"Kila siku."

Alishika kisigino changu, akapitisha kidole kwenye unyayo ambao ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anatazama mikono yake.

"Gacheri," Karimi akasema, "mguu huu haujasimama tangu Mei. Mimi sikulaumu, lakini niambie, maana dawa inaua ule ugonjwa, na ugonjwa unaisha. Magoti yakikauka hivi, Februari utakuwa umepona na bado utakuwa unabebwa."

Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kimeru, nikanong'ona, kana kwamba wale wa kuhakiki wako nyuma ya pazia. Nilimwambia yote, pikipiki, thamosi, uso. Alinisikiliza hadi mwisho, na sikuona dharau machoni mwake.

"Fomu ile haiulizi kama umelala," akasema. "Inauliza unaweza nini, na huwezi nini bila mtu. Hatua tano kwa fremu na kuogeshwa, huo bado ni ulemavu. Waambie hivyo hivyo ulivyo. Siwezi kukuahidi watakupa. Lakini magoti nayajua."

Tulipofika nyumbani nikasema nataka fremu na nataka cherehani. Mama akakaa kitandani kwa miguu yangu.

"Ukisimama sasa, miezi hii yote imeenda bure."

"Miguu ikienda bure je?"

"Gari utalipa na nini? Kijana wangu anafunga miraa mpaka vidole vinapasuka. Na anayekubeba ni nani? Mimi ndiye ninayekubeba, Gacheri. Sijalalamika hata siku moja. Nakuomba wiki chache tu."

Nilikasirika nikampigia Mutwiri simu nikitegemea aniunge mkono. "Subiri kidogo tu," akasema, "usigombane na Mama." Nikamkatia. Nilikuwa na hasira nao wote, na nilikuwa na hasira na mimi, na kwa kuwa sikuweza kutoka nje na kubamiza mlango, nililitupa lile kopo la vidonge ukutani. Mama aliviokota kimoja kimoja, akavihesabu, akavirudisha. Kisha akaondoa thamosi juu ya cherehani.

Tulipatana hivi: ndani ya nyumba, pazia likiwa limeshushwa, nitembee na nikanyage pedali. Nje nibebwe kama kawaida mpaka waje. Wewe unayesoma unaona upuuzi wake wazi. Sisi tuliona tumepata suluhisho. Septemba nilikuwa na hatua sita kutoka kitandani hadi dirishani, na Oktoba kumi na moja, jasho linatiririka ndani ya lile koti la plastiki, Mama ananihesabia kwa sauti ya kwaya. Akifungua mlango, mimi huyo mikononi mwake, miguu inaning'inia.

Novemba mvua za vuli zilikuwa zimeloanisha ua wote. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka chooni, tumefika katikati, tukasikia pikipiki tusiyoijua inapunguza mwendo kwenye lango letu. Mama alinong'ona, "Ni wao," na badala ya kunishika kwapani kama siku zote alininyanyua mwili wote hadi kifuani kwake, ili waone vizuri. Nilisikia kitu kikivunjika ndani yake. Hakupiga kelele. Aliniteremsha taratibu kwenye matope, kwa heshima kabisa, halafu yeye mwenyewe akashuka magoti na hakuweza kuinuka. Pikipiki ilikuwa ya muuza mkate mgeni. Ndiye aliyemwingiza Mama ndani. Mimi nilisimama kwa kushika kamba ya nguo nikatembea hadi mlangoni, mbele ya macho ya Mama.

Picha ya Mama ilionyesha pingili iliyobonyea. Mifupa ya uzee, walisema, na mzigo. Alilazwa siku nne kisha akarudishwa nyumbani kwenye kitanda changu, maana ndicho kilikuwa karibu na mlango. Mutwiri aliomba ruhusa akaja siku tatu. Alitukuta hivyo, mama yake amelala, mkewe anachemsha uji ameegemea fremu, na akakaa kwenye kiti cha jikoni akalia kama mtoto. "Mimi ndiye niliyesema subiri," alikuwa anasema. Nilimwambia tulisema sote.

Wale wa kuhakiki walikuja wiki tatu baadaye, mchana, kwa miguu. Sikusikia pikipiki yoyote. Walikuwa watatu, asistanti chifu, mzee wa kijiji, na kijana mwenye koti la mvua aliyebeba kompyuta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Waliingia wakanikuta nimesimama kando ya kitanda, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine umeshika kikombe cha uji, namnywesha Mama. Kijana akatazama kompyuta yake, akamtazama Mama, akanitazama mimi.

"Samahani," akasema. "Kati yenu mgonjwa ni nani?"

Mama alifumba macho. Nilijua anachotaka niseme, kwa kuwa tulikuwa tumelikariri jibu tangu Aprili. Ningeweza hata kujiachia nikae chini, nilikuwa na uso tayari. Nikaweka kikombe mezani.

"Jina lililo hapo ni langu," nikasema. "Natembea hatua kumi na sita kwa hii fremu, halafu napumzika. Goti hili halinyooki. Kuoga nasaidiwa. Huyu ndiye aliyekuwa ananisaidia, na ameumia kwa kunibeba wakati nilikuwa naweza kukanyaga. Andika hivyo."

Mzee wa kijiji alikohoa. Kijana aliandika, kidole kimoja kimoja, na akaniuliza tena zile hatua ni ngapi. Alikuwa na adabu. Aliniambia ataandika alichoona na wakubwa wataamua, kisha akamwambia Mama pole, wakatoka. Hawakukaa hata robo saa. Miezi minane, na hawakukaa robo saa.

Vidonge nilimaliza Februari. Majibu ya orodha yalikuja Machi na jina langu halikuwemo. Nilidhani nitalia, nikajikuta nauliza kama mvua imefika Maua. Leo natembea kwa fimbo, nimerudi kibandani siku tatu kwa wiki, na goti la kushoto halijanyooka na huenda lisinyooke. Karimi anasema ni ile miezi mitatu niliyolala bila kusimama. Kwa hiyo ukiniuliza nikushauri nini, sikwambii usiombe zile pesa. Omba, ni haki yako, peleka fomu na uulize kila wiki. Ila usiufungie mwili wako ndani ukingoja watu waje kuutazama. Hawajui kwamba unawangoja.

Sasa ni Mama aliye kwenye orodha. Fomu nilijaza mimi, kwenye benchi nilikaa naye mimi, na asistanti chifu ametuambia watatutembelea. Lini, hajui. Kila asubuhi jua likishatoka namwamsha, namfunga ule mkanda wa kiunoni aliopewa hospitalini, tunatoka nje ya lango, yeye na fremu, mimi na fimbo. Hatuendi nyuma ya nyumba. Tunakwenda barabarani kabisa, pikipiki zinatupita, watu wa soko wanatusalimia. Jana nilimwona anapunguza mwendo, akageuka kutazama nyuma.

"Gacheri, na wakija sasa hivi watukute hapa?"

"Watukute," nikamwambia. "Umefika hatua ya ishirini na moja, Mama. Ongeza moja."